Gari Linapochemsha Kwenye Foleni

Umeondoka Mbezi saa 12 asubuhi, gari halina neno. Barabara ikiwa wazi, mshale wa temperecha umetulia. Ukikaribia Kimara magari yanabanana; unasogea hatua mbili, unasimama, unasogea tena. Mara mshale unaanza kupanda. Unazima AC, unashusha vioo, jasho linakutoka. Foleni ikilegea mbele ya Ubungo na gari likapata mwendo, mshale unashuka wenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Jioni wakati wa kurudi, yale yale. Anayesubiri feri Likoni mchana wa Februari anaijua hali hii vizuri.

Kama gari lako linafanya hivyo, limeshakueleza jambo kubwa kabla hujafungua boneti. Maji yanazunguka ndani ya injini yakichota joto, yanaingia kwenye rejeta, na upepo unaopita katikati ya vijibati vyembamba vya rejeta unalibeba joto hilo nje. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo unaingia wenyewe kwa mbele. Ukisimama, upepo huo haupo tena na kazi yote inaiangukia feni. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea linakuonyesha kwamba maji yamo na yanazunguka, ila upepo haupiti. Kwa hiyo anayeshukiwa kwanza ni feni, pamoja na kila kinachoiwasha na kila kinachouziba upepo wake.

Gari linalotulia mjini lakini likachemsha kwenye mlima mrefu kama Kitonga lina ugonjwa mwingine: rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, au themostati isiyofunguka vizuri. Na gari linalochemsha popote, hata dakika chache baada ya kuwashwa, mara nyingi limeishiwa maji au limeunguza gasketi ya hedi. Basi fundi akikuuliza, usimwambie tu kwamba gari linachemsha. Mwambie linachemsha wakati gani.

Nasisitiza hilo kwa sababu yalinikuta. Corolla yangu ilikuwa inachemsha kila jioni. Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa. Wa pili akabadilisha pampu ya maji, nikalipa, na kesho yake ikachemsha palepale. Wa tatu alikuwa mzee wa umeme wa magari. Hakushika spana, aliwasha injini, akasimama mbele ya gari zaidi ya robo saa akiitazama feni. Maji yalipata moto, feni haikuzunguka. Rilei ilikuwa imekufa, kidude cha ukubwa wa kiberiti.

Ukiwa bado barabarani

Mshale ukianza kupanda, zima AC mara moja. Kondensa yake imekaa mbele ya rejeta na inamwaga joto palepale unapotafuta ubaridi. Kisha fanya jambo ambalo abiria wako watalishangaa: washa hita, joto la mwisho, feni ya ndani kwa kasi yote, vioo vyote chini. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Inachota joto la injini na kulileta ndani ya gari. Mtateseka, lakini mara nyingi mshale husimama au hurudi kidogo. Acha nafasi mbele yako ili usogee kwa mikupuo badala ya kubanana na bomba la moshi la daladala iliyo mbele.

Mshale ukigusa nyekundu, usiseme "nifike tu pale mataa". Toka pembeni mahali salama, weka pembetatu, zima injini. Ukiizima, rudisha swichi kwenye "ON" bila kuwasha injini. Kama feni bado ina uhai, kwenye magari mengi itaendelea kuzunguka na kusaidia. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, maana hedi inaweza kupasuka au kupinda kwa pigo hilo.

Na kifuniko cha rejeta usikiguse. Maji yaliyo chini yake yamebanwa kwa shinikizo na yamepita nyuzi 100. Ukifungua, shinikizo linaondoka ghafla, maji yanageuka mvuke kwa mkupuo na kukurukia usoni. Watu wameungua nyuso kwa haraka ya dakika tano. Subiri walau nusu saa, saa nzima ni bora. Kisha bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa bado mgumu, endelea kusubiri. Ukiwa laini na unashikika kwa mkono mtupu, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, zungusha polepole mpaka kituo cha kwanza, acha pumzi itoke yote, ndipo ukitoe. Maji ya kuongeza yaingie kidogo kidogo injini ikiwa imepoa. Dumu la lita 5 la maji safi kwenye buti halichukui nafasi kubwa.

Sasa tuitazame feni

Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani Jumamosi asubuhi. Onyo moja kabla ya yote: feni ya umeme inaweza kuwaka ghafla, na kwenye baadhi ya magari huwaka hata injini ikiwa imezimwa. Tai, ushungi, ncha ya kanga na vidole vyako vikae mbali nayo.

Injini ikiwa baridi, hakikisha maji yamejaa, kisha washa na uache gari lisimame bila AC. Utasubiri kati ya dakika 10 na 20 kulingana na gari na jua. Feni inatakiwa iwake yenyewe maji yanapokaribia nyuzi 90 na kitu hadi 100, izunguke kwa nguvu, izime joto likishuka, kisha iwake tena baadaye. Magari mengine, kama Vitz za awali, hayana mshale kabisa. Yana taa ya bluu kwa injini baridi na nyekundu kwa iliyochemka, na kati ya hizo mbili huambiwi chochote. Hata penye mshale, Toyota nyingi zimeutengeneza ukae palepale kwa joto la kawaida lote, hivyo ukiuona unasogea, mambo yameshaharibika. Ndiyo maana napenda kile kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma joto halisi kwenye simu. Hakina bei kubwa, na kitakuonyesha 88, 94, 103 badala ya kubahatisha.

Feni isipowaka na joto limezidi 105, zima injini. Usiendelee na jaribio kwa ukaidi. Ikishapoa, washa tena ukiwa na AC. Kwenye magari mengi ya Kijapani, AC ikiwaka feni lazima izunguke hata maji yakiwa baridi. Tazama vizuri hapa, maana gari lenye feni mbili linaweza kuwasha ya kondensa peke yake na kukudanganya. Feni ile ile ikizunguka kwa AC lakini isizunguke kwa joto, mota yake ni nzima. Tatizo ni swichi ya joto, sensa, au waya unaotoka huko. Isipozunguka kwa lolote, nenda kwenye fyuzi na rilei.

Boksi la fyuzi liko chini ya boneti, na mchoro wake umebandikwa ndani ya kifuniko. Fyuzi iliyoungua inaonekana kwa macho. Rilei haionekani, lakini mara nyingi rilei ya honi au ya taa ina umbo na namba ileile, zibadilishane nafasi. Feni ikifufuka na honi ikanyamaza, umempata mwizi. Lakini fyuzi mpya ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi wala usifunge kwa waya. Mota imechoka na inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Ukiinyima fyuzi sahihi, waya ndio utakaoungua, na moto wa gari huanza hivyo.

Kama fyuzi na rilei ni nzima, chomoa soketi ya mota na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa kishindo, iko hai. Ikizunguka kivivu, kaboni zake zimeisha. Mafundi wana njia ya mkato: wanaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, na kama inaamka kwa kugongwa, kaboni ndizo zilizoisha. Itaamka leo na kesho. Keshokutwa itakuachia katikati ya foleni.

Kuhusu swichi: kwenye Toyota nyingi za zamani, ile swichi ya joto ya feni inafanya kazi kinyume na unavyodhani. Ukichomoa soketi yake gari likiwa "ON", feni inatakiwa iwake. Ikiwaka, basi rilei, waya na mota vyote ni vizima na swichi ndiyo iliyokufa. Kwenye magari ya baadaye, kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru feni, na nyingi zikikosa taarifa ya sensa ya joto huwasha feni kwa tahadhari. Kwa hiyo jaribio hilohilo hufaa huko pia, ingawa taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi hadi ifutwe.

Kuna kosa ambalo halitazamwi. Feni inazunguka vizuri lakini inapuliza upande usio wake, kwa sababu aliyebadilisha mota aligeuza nyaya mbili. Gari likitembea, feni inapambana na upepo unaoingia. Chukua karatasi nyepesi uilete mbele ya grili feni ikizunguka: inatakiwa ivutwe ibandike. Ikisukumwa, geuza nyaya. Tazama pia lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Baadhi ya gereji hulitupa baada ya kazi kwa kuona ni pambo, na wengine hulifunga lililovunjika kwa waya. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta yote, na kipande kikubwa cha rejeta kinabaki bila upepo.

Kuna na ile dawa ya mtaani ya kuunganisha feni dairekti, izunguke muda wote ukiwasha gari. Kwa kumaliza wiki ukisubiri spea, siipingi, mradi kuna fyuzi na rilei kati ya betri na mota. Kwa kudumu, ninaikataa. Mota inachakaa mapema, na ugonjwa halisi unabaki umefichwa.

Wenye Hilux, Land Cruiser na magari mengine yenye feni inayoendeshwa na injini, kwenu hakuna fyuzi ya kutafuta. Katikati ya feni kuna kilachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayoshika joto likipanda na kulegea likishuka. Zima injini ikiwa na moto, hakikisha ufunguo umetoka, kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikukatalie kidogo. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa kama pangaboi, au ukiona mafuta yametapakaa kwenye kitovu chake, kilachi imekwisha.

Feni nzima, bado linachemsha

Angalia rejeta kwa nje, na usiridhike na uso wake unaoonekana. Uchafu mbaya umejificha katikati, kati ya kondensa ya AC na rejeta: vumbi, wadudu, mabaki ya nailoni, majani. Mulika tochi kutoka upande wa injini. Usipoona mwanga upande wa pili, upepo nao haupiti. Osha kwa maji ya mpira ya kawaida ukianzia upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Pampu ya nguvu ya kuoshea magari huvikunja vile vijibati na kuziba palepale ulipotaka kuzibua. Ukivigusa vikakatika kama majani makavu, rejeta imeliwa na kutu. Kwa magari yanayolala karibu na bahari hili si ajabu, na dawa yake ni rejeta nyingine.

Ndani ya rejeta, adui mkubwa wa pwani ni maji ya kisima. Maji yenye chumvi na chokaa yanaacha ukoko kwenye mirija, mirija inaziba moja moja, na gari linaanza kuchemsha hata feni ikiwa mpya. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa zikachokonolewa. Hizi za alumini zenye matangi ya plastiki hazivumilii mchezo huo, nunua nyingine.

Kisha kifuniko. Watu wanabadilisha injini nzima wakiwa wameacha kifuniko kilichopasuka mpira. Juu yake kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, yaani shinikizo kinalolibana. Usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwa nyuzi 100, lakini chini ya kifuniko kizima cha 0.9 yanastahimili hadi karibu nyuzi 118. Mbeya au Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au chini kidogo, kwa hiyo kifuniko kilicholegea huko kinaumiza zaidi. Nunua chenye namba ileile ya kiwandani. Dalili ya kifuniko kibovu ni tangi la akiba linalojaa na kufurika ilhali rejeta inapungua, au mpira wa juu unaonyonywa ukabonyea injini ikipoa.

Kulanti nayo ina masimulizi mengi. Kuna wanaosema ni ya nchi za theluji tu. Si kweli. Huongeza joto la kuchemkia, huzuia kutu, na hulinda sili ya pampu ya maji. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, na usome chupa vizuri usije ukachukua ya asidi. Usichanganye rangi na aina hovyo. Nyingine zikikutana hufanya uji unaoziba mirija. Kwa ile ya waridi ya Toyota, kiwanda kinaelekeza ibadilishwe kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Lakini gari ulilonunua limetumika na hujui limejazwa nini, anza upya. Na hili la kifamilia: kulanti nyingi zina sumu, na ni tamu. Beseni la kulanti iliyomwagwa lisibaki uani penye watoto, mbuzi au paka.

Ukishajaza, toa hewa. Puto la hewa likinaswa ndani ya injini, gari litachemsha hata ukiwa umelipia kila kitu kipya. Pandisha mbele ya gari kidogo, washa hita, acha kifuniko wazi injini ikiwa baridi, kisha iwashe iungurume taratibu. Bonyeza bonyeza mpira wa juu, ongeza maji yanaposhuka, na endelea hadi themostati ifunguke. Utajua imefunguka kwa mpira wa juu kupata moto na viputo kwisha. Hapo funga.

Nirudi kwenye themostati, kwa kuwa ndiyo inayoonewa zaidi. Kwenye injini nyingi inafunguka karibu nyuzi 82, na ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa kwenye injini ya namna hiyo, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inaikwepa rejeta. Yaani umeongeza ugonjwa. Kwingine injini itakaa baridi mno, kompyuta imwage petroli zaidi, na injini ichakae haraka. Kama unaishuku, itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiyachemsha, uone ikifunguka. Isipofunguka, weka mpya yenye joto lilelile. Usiache nafasi yake tupu.

Gasketi ya hedi naitaja mwisho kwa sababu ndiyo gharama kubwa, na mara nyingi ni matokeo ya kupuuza hayo yote. Viputo visivyokwisha kwenye rejeta injini ikiwaka, mpira wa juu unaokuwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha asubuhi, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: ukiona dalili mbili kati ya hizi, usiliendeshe tena, livute hadi gereji. Hedi ipimwe kama imepinda kabla ya gasketi mpya kukaa, la sivyo utairudia kazi hiyo.

Ukilipeleka kwa fundi, omba akuoneshe kipuri cha zamani na sababu ya kukitoa. Kisha msimame wote mbele ya gari, injini ikiwa inaunguruma bila AC, na usilipe hadi uione feni ikiwaka yenyewe na kuzima yenyewe mara mbili.